Mbwa mdogo na degedege: maswali ninayoulizwa kuhusu ubongo unaovimba

Ujumbe wa sauti wa Jumamosi usiku kwenye simu yangu huwa hivi: nyuma mtoto analia, mtu mzima anasema "mshike kichwa, mshike kichwa", halafu mwenye mbwa anasema, "Daktari, anaogelea kwenye vigae." Neno hilo, kuogelea, limelenga kuliko mengi ya vitabuni. Mbwa kalala ubavu, miguu minne inapiga kasia hewani, taya zinagongana, povu linamtoka, mkojo nao. Akizinduka, maswali yanaanza. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wenye Maltese, Pug, Chihuahua, Shih Tzu, Yorkshire Terrier na machotara wao.

Anaanguka sasa hivi. Nifanye nini?

Tazama saa. Dakika moja ya degedege huonekana kama robo saa, na kesho nikikuuliza lilichukua muda gani utaniambia kumi. Likipita dakika 5 bila kukatika, au likirudi kabla mbwa hajapata fahamu, mbebe uende kwa daktari hata kama ni saa nane usiku. Akianguka mara 2 au zaidi ndani ya saa 24, njoo siku hiyohiyo, hata kama katikati alisimama akala.

Wakati unangoja, sogeza viti, mtoe karibu na ngazi, zima televisheni. Mkono usiende kinywani. Mbwa hamezi ulimi wake, lakini kidole chako atakikata bila kujua. Kijiko kati ya meno, kitunguu puani, kiatu, ndoo ya maji usoni: vyote nimevikuta. Kilicholeta madhara makubwa kuliko vyote kilikuwa maziwa, kwa sababu mbwa asiye na fahamu huyavutia mapafuni, na nilijikuta natibu nimonia badala ya degedege. Likiwa refu hadi mwili ukachemka, mloweshe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida (si ya barafu) mkiwa njiani. Kukiwa na mtu wa pili, achukue video. Sekunde 30 za video hunifaa kuliko maelezo ya nusu saa.

Jirani anasema ni kichaa cha mbwa.

Jirani hajakosea kuuliza. Kwetu ugonjwa huo upo, na daktari anayelicheka swali hilo simwamini. Mbwa ana kadi ya chanjo iliyo hai, hatoki getini, hajaumwa na mbwa wa mtaani? Uwezekano ni mdogo sana. Hana chanjo, tabia imebadilika ghafla, anadondosha mate na hawezi kumeza? Mfungie peke yake, usimguse mdomo, piga simu kwanza kabla ya kumbeba. Mbwa aliyekwisha kuonyesha dalili za kichaa kwa kawaida hafiki siku 10.

Kama ameng'ata mtu, au mate yameingia kwenye kidonda, oshea kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali kwa ajili ya chanjo leo, si baada ya kuona mbwa ataishiaje.

Basi ni kifafa, si ndiyo?

Hapa ndipo penye kazi yote, na hapa ndipo nilipowahi kuteleza.

Kifafa cha kurithi huanza kati ya miezi 6 na miaka 6, na sifa yake kubwa ni kwamba kati ya degedege moja na jingine mbwa ni mzima kabisa. Anayumba saa moja au siku moja baada ya kuanguka, kisha anarudi kuwa yuleyule: anakimbilia mlango, anabweka pikipiki, anajua sahani yake iko wapi. Ubongo uliovimba hauruhusu hilo. Kati ya degedege na degedege kunabaki kitu hakijakaa sawa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, Maltese mmoja wa miaka 3, jina lake Lulu. Degedege mawili kwa wiki, vipimo vya damu safi, umri wa kifafa. Mwenye mbwa, mama mmoja mtaratibu, alisema huku anatafuta pochi yake: "Na siku hizi anazunguka tu, Daktari, kama anatafuta mkia. Upande huohuo." Nikacheka. Nikamwambia dawa inamlewesha kidogo, atazoea. Dawa yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa kwenye kaunta, mbwa hajaionja hata tembe moja.

Siku 9 baadaye wakarudi. Safari hii nilimwekea chakula mwenyewe. Alikula nusu ya sahani, nusu ya kushoto, akaacha ya kulia imekatwa kama kwa kisu. Nikaizungusha sahani, akala iliyobaki. Kwake upande wa kulia wa dunia ulikuwa umefutika, kwa sababu upande wa kushoto wa ubongo ulikuwa unawaka. Mama yule alikuwa ameniambia yote hayo wiki iliyotangulia, bure, bila mashine.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi si "ameanguka mara ngapi?" bali "akiwa hajaanguka, yukoje?"

Nitazame nini hasa, akiwa hajaanguka?

Inategemea ni pande gani za ubongo zimeguswa. Sehemu ya mbele ikivimba, utaona kuzunguka upande mmoja, kusimama pembeni ya ukuta na kuusukuma kwa paji la uso, kupotea ndani ya nyumba aliyokulia, kugonga miguu ya meza, kusahau kwamba haja hufanyiwa nje. Shina la ubongo likivimba, kichwa kinalala upande, macho yanachezacheza yenyewe, anatembea kama mlevi, au uso umelegea. Utando wa uti wa mgongo ukiguswa, shingo inauma hadi analia ukimnyanyua. Kuna wanaopofuka ghafla, mboni zote mbili zikiwa wazi kama sarafu, bila degedege lolote. Mbwa mmoja anaweza kuwa na dalili kutoka sehemu mbili tatu kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio hunifanya nikae wima kitini.

Tena dalili hizi hukimbia. Mwenye kifafa hukaa miezi akiwa vilevile. Huyu wa Jumatatu si huyu wa Alhamisi.

Kuvimba kwa ubongo maana yake ni nini? Kuna jipu ndani?

Hakuna jipu, na si saratani. Ni askari wa mwili kugeuka na kuwapiga raia. Kinga inayopaswa kushambulia vijidudu inaingia kwenye ubongo na utando wake na kuushambulia kana kwamba ni adui. Kwa nini inaanza, bado hakuna jibu moja, ndiyo maana madaktari hutumia kifupisho MUO, yaani kuvimba kwa ubongo na utando wake kusikojulikana chanzo. Chini ya mwavuli huo ziko aina tatu. GME hujaza ubongo vifundo vya chembe za kinga na huweza kumpata mbwa wa ukubwa wowote, ingawa wadogo ndio wengi. NME na NLE ni mbaya zaidi, kwa kuwa nyama ya ubongo yenyewe hufa na kuacha mashimo: NME hupenda tabaka la juu la ubongo, NLE huchimba ndani zaidi na kwenye shina.

Kuzitenganisha tatu hizi kwa uhakika kunataka kipande cha ubongo chini ya hadubini, na kwa kawaida hicho hupatikana mbwa akishakufa. Akiwa hai tunasema MUO na tunaanza kazi.

Kwa nini iwe hivi vijibwa vidogo?

Damu ya ukoo. Ugonjwa wa Pug ulielezwa rasmi mwaka 1989, na kwa muda mrefu ulijulikana kwa jina la mbegu hiyo tu, kabla haujaonekana kwa Maltese, Chihuahua, Pekingese, Shih Tzu na wengine. NLE ilielezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa Yorkshire Terrier.

Kwa Pug, watafiti waliufuata hadi kwenye kromosomu ya 12, eneo lenye jeni zinazoifundisha kinga kutofautisha wa ndani na wa nje. Pug aliyerithi nakala mbili za hatari, moja kwa baba na moja kwa mama, ana uwezekano wa kuugua mara 12 hivi kuliko asiye nazo. Maabara ya jeni ya Chuo Kikuu cha California, Davis, hupima hilo kwa usufi unaosuguliwa ndani ya shavu. Lakini wengi wenye nakala mbili hawaugui maisha yao yote. Kipimo hiki ni cha kumsaidia mfugaji kuchagua wazazi. Hakitakuambia kama huyo aliyeko kwenye zulia lako anaumwa.

Hakuna kitu kingine kinachofanana na hiki?

Vipo vingi, na baadhi ni rahisi kutibu, ndiyo maana sianzi na MUO.

Kitoto cha Chihuahua cha wiki 9 kilichokosa chakula tangu jana jioni huanguka kwa sukari kushuka. Paka asali kidogo kwenye fizi, usimimine, kisha njoo. Jike dogo linalonyonyesha, wiki ya pili hadi ya nne, likianza kutetemeka na kukakamaa huku mwili unachemka, limeishiwa kalisiamu; linahitaji sindano ya mshipa inayoingizwa polepole, na vitoto vitolewe kwenye chuchu. Yorkshire Terrier mchanga anayechanganyikiwa kila akishiba nyama, nawaza ini: kuna mshipa wa damu ambao badala ya kuingia kwenye ini umelipita pembeni, sumu inapanda kichwani. Chihuahua mwenye kichwa cha duara na utosi usiofunga anaweza kuwa na maji kichwani tangu kuzaliwa.

Halafu kuna ya hapa nyumbani. Distempa, kwa mbwa asiyechanjwa: macho na pua vilitoa uchafu wiki chache nyuma, sasa taya zinatafuna hewa na mguu mmoja unadunda hata akiwa usingizini. Homa za kupe. Sumu ya panya, sumu ya konokono bustanini, dawa ya wadudu ya shambani iliyomwagiwa mbwa ili kuua viroboto. Hii ya mwisho naikuta zaidi ya inavyostahili. Dawa ya kupe ya ng'ombe si dawa ya kijibwa cha kilo 3, hata ukiichanganya na maji ndoo nzima.

Bila MRI mtajuaje?

Njia kamili ni MRI ya kichwa, yaani picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, kisha kuvuta maji ya uti wa mgongo kwa sindano nyuma ya fuvu, mbwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Maji safi huwa na chembe nyeupe chini ya 5 katika kila mikrolita. Kwenye MUO huwa nyingi. Hata hivyo, wapo wagonjwa wachache ambao maji yao hutoka safi. Na sindano hiyo ina hatari yake: shinikizo la kichwani likiwa juu, kuyatoa maji kunaweza kuuvuta ubongo ushuke kwenye tundu la fuvu. Ndiyo maana picha hutangulia.

Mashine nyingi za MRI huku kwetu ni za hospitali za binadamu, na wengi mnaonisoma hamtaifikia. Sitawadanganya kwamba macho yangu yanatosha kuchukua nafasi yake. Tunachofanya ni kuondoa kimoja kimoja: sukari, kalisiamu, ini, chembe za damu, vimelea vya kupe, distempa, na vimelea vya toksoplazma na neospora. Vikitoka safi, na mbwa ni mdogo, kijana, dalili zinakimbia, namwambia mwenye mbwa wazi kwamba tunatibu kwa kukisia kwa hoja. Mara nyingi naanza steroidi, dawa za kushusha uvimbe na kinga, huku nikimfunika kwa antibiotiki ya klindamisini mpaka majibu ya vimelea yarudi, kwa sababu steroidi peke yake juu ya maambukizi ni petroli juu ya moto.

Akipata nafuu siku mbili baada ya steroidi, tushukuru, lakini tusiseme tumethibitisha. Saratani ya ubongo nayo hunywea kwa steroidi kwa muda.

Kwa nini mnampa mbwa wangu dawa ya saratani?

Kwa sababu dawa hizo huziua au kuzizuia chembe zinazogawanyika haraka, na chembe za kinga zilizokasirika ni miongoni mwao. Msingi wa matibabu ni prednisoloni, ambayo ni steroidi, kwa kiwango cha juu, kinachopunguzwa ngazi kwa ngazi kwa miezi. Juu yake tunaongeza dawa ya pili ili steroidi ipungue mapema: sitarabini, siklosporini, mikofenoleti au nyingine. Sitarabini ndiyo inayowashtua watu wakisoma lebo, kwani binadamu hupewa kwa saratani ya damu. Kwa mbwa kiwango ni kidogo: utaratibu wa kawaida ni sindano 4 chini ya ngozi ndani ya siku 2, kisha kurudia kila wiki 3, na chembe za damu zinapimwa. Siku hizo vaa glavu unapofuta mkojo wake, na mjamzito asifute kabisa.

Tangu aanze prednisoloni anakunywa maji kama ng'ombe, anakojoa kitandani, anaiba ugali. Nimuachishe?

Usimwachishe ghafla, tafadhali. Ukimpa steroidi kutoka nje kwa wiki kadhaa, tezi zake zilizo juu ya figo huacha kutengeneza za kwake. Ukikata leo, kesho hana kitu mwilini, anatapika, analegea, anaweza kufa, na ubongo nao unaweza kuwaka upya. Niambie, tutashusha kwa ngazi. Kiu, njaa, kuhema na tumbo la mtungi ni bei ya dawa, na hupungua kiwango kikishuka. Kinyesi cheusi kama lami si bei ya kawaida: hicho ni damu ya tumboni, nipigie.

Kwa hilohilo, usimpe diklofenaki wala aibuprofeni "ya maumivu" kutoka kabati la nyumbani. Pamoja na steroidi hutoboa tumbo.

Yuko kwenye fenobabitoni na bado anaanguka. Dawa ni feki?

Huenda, lakini kwanza tuhesabu mengine. Fenobabitoni huchukua wiki 2 hivi kutulia kwenye damu, kwa hiyo siku ya nne si siku ya kuihukumu. Mbwa wa kilo 3 anahitaji karibu theluthi ya tembe ya miligramu 30 mara mbili kwa siku, na theluthi iliyokatwa kwa kisu cha jikoni leo ni robo, kesho ni nusu. Mwombe mfamasia akukatie au akusagie kwa vipimo. Saa nazo: saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, si "asubuhi na nikirudi kazini", maana foleni zetu tunazijua.

Lakini sababu kubwa ni ile ya Lulu. Fenobabitoni huzima kengele, haizimi moto. Kama kinga bado inautafuna ubongo, utaongeza dozi hadi mbwa alale mchana kutwa na bado ataanguka. Kumbuka pia kwamba fenobabitoni huliamsha ini livunje prednisoloni haraka zaidi, hivyo dawa zote mbili ziandikwe na daktari mmoja anayeziona kwa pamoja. Levetirasetamu, dawa nyingine ya degedege, hailichoshi ini, ila ya kawaida inatolewa kila saa 8, na ukiniambia huna mtu wa kumpa saa 9 mchana nitakuelewa.

Kwa wanaotumia potasiamu bromaidi, nayo dawa ya degedege, angalizo moja la jikoni kwetu: dagaa wa chumvi. Chumvi huifukuza bromaidi kupitia figo. Mbwa aliyetulia miezi 3, akala dagaa wa chumvi wiki nzima za sikukuu, alirudi kuanguka na hakuna aliyejua kwa nini hadi nilipouliza alikula nini.

Ataishi?

Karibu robo hadi theluthi ya mbwa wenye MUO hufa ndani ya wiki ya kwanza, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa uamuzi wa kupumzishwa. Wiki hiyo ndiyo mlango. Wanaoupita na kuitikia dawa wanaweza kupata miaka, baadhi wakiacha dawa kabisa, wengi wakibaki na dozi ndogo. NME ya Pug ni katili zaidi: katika utafiti wa Pug 60 uliochapishwa 2008, nusu walikuwa wamekufa ndani ya siku 93. Lulu aliishi miaka 2 na miezi 4, upande wake wa kulia wa dunia ukiwa bado umefutika. Mama yake alijifunza kuizungusha sahani.

Kama mbwa amepoteza kuona, kula na kutambua watu, na degedege halikatiki kwa dawa tatu, nami nikisema tumpumzishe, sisemi hivyo kwa sababu nimechoka.

Anatuambukiza? Watoto je?

MUO haiambukizi mtu wala mbwa. Kichaa kimeshajibiwa juu.

Aendelee na chanjo?

Akiwa kwenye dozi kubwa za kushusha kinga, chanjo hai kama ya distempa haipewi. Ya kichaa ni ya kirusi kilichouawa. Tunapanga pamoja lini, kwa kuangalia mtaa mnaoishi. Usiamue peke yako kwa kuiruka miaka mitatu.

Nataka kumzalisha akishapona. Au ninunue Pug mwingine?

Usimzalishe, na mwambie aliyekuuzia asiwapandishe tena wazazi wale wawili. Atakasirika, mwambie tu. Ukinunua mwingine, usipokelee kitoto kwenye maegesho ya duka. Nenda nyumbani, omba kumwona mama yake akitembea, akila, akiitwa kwa jina. Uliza ndugu wa uzao uliotangulia wako wapi sasa na wana umri gani. Ukiambiwa mama "amesafiri", panda gari urudi kwako.